Bei ya Kanisa

Kwanza niliseme kosa langu mwenyewe, asije mtu akanitangulia. Mimi, Lavada Pettigrew, mwenyekiti wa mabawabu wa Kanisa la Kibaptisti la Bonde la Beraka hapa Memphis, kwa miaka sita nimesimama mlangoni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nikiwa nimevaa gauni jeupe la thamani ya dola mia moja na tisini, na nililinunua kwa arobaini na tano. Sikuliiba. Nilimwambia tu aliyelishona, "Mwanangu, mimi nimekubeba ukiwa kwenye nepi," naye akacheka, akapunguza. Nilirudi nyumbani naimba.

Aliyelishona ni Charnetta Boyland. Ana miaka thelathini na minane, mwembamba, mpole kupita kiasi, na anashonea kwenye gereji ya marehemu baba yake mtaani Orange Mound. Majoho ya kwaya, magauni ya mabawabu, vitambaa vya meza ya Bwana, vyote kazi yake. Ukiona kwaya ya watu weusi imependeza, iwe huku kwetu au ng'ambo ya mto kule Arkansas, ukiuliza nani kawashonea utatajiwa jina hilo hilo.

Siku za wiki mimi ni mtu mwingine. Nafanya kazi kwenye mfuko mdogo wa mikopo unaowasaidia wafanyabiashara weusi waliofungiwa milango na benki. Nakaa nao, napanga karatasi zao, nawagombeza, nawashika mkono mpaka maombi yao ya mkopo yasimame. Charnetta alikuja ofisini kwangu mwezi wa pili, baada ya benki ya tatu kumwambia hapana.

"Bi Lavada, nimechoka kushona nimevaa koti," akasema. Gereji ile haina joto. "Kuna jengo barabara ya Lamar, zamani lilikuwa la dobi. Mwenyewe ananishikia mpaka tarehe thelathini Aprili. Na kuna mashine ya kudarizi ya vichwa sita, imetumika kidogo tu. Nikipata elfu themanini na tano, nachukua vyote viwili, na naajiri wanawake wanne."

"Na usipopata?"

Akatazama viatu vyake. "Kule ghala la vifurushi wameniita. Zamu ya usiku. Fomu nimeshajaza."

Moyo uliniuma. Mikono ile kwenda kubandika anwani kwenye maboksi! Nikamwambia alete kila karatasi aliyonayo, hata iliyolowa mchuzi. Akaleta mfuko mzima. Nikavaa miwani.

"Joho moja linakugharimu dola ngapi zako, kitambaa, bitana, zipu, umeme, kila kitu?"

"Dola hamsini na nane."

"Unaliuza?"

"Sitini na tano. Bei ya kanisa."

"Dola saba!" Nilipiga meza mpaka jirani yangu wa ofisi akachungulia. "Unainama siku mbili kwa dola saba? Charnetta, wewe una akili timamu?"

"Ni watu wetu, Bi Lavada. Nitawatozaje watu wetu?"

Nilikuwa na hotuba nzuri tayari mdomoni. Nikashuka na kidole kwenye orodha ya wateja nikitafuta mfano wa kumwaibisha nao, na kidole kikasimama kwenye jina langu. Pettigrew, L. Gauni. Arobaini na tano. Charnetta aliliona, akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Hotuba niliimeza.

Mkurugenzi wangu anaitwa Rosalind Teague. Ni mweusi kama sisi, lakini ametoka Chicago, na kabla ya saa sita mchana hacheki na mtu. Alisoma faili lote huku mimi nimesimama, kisha akalifunga.

"Mikono yake ni dhahabu," akasema. "Lakini siwezi kumkopesha mtu anayekula hasara kwa sababu ya adabu. Nikimpa mashine kubwa, atakula hasara haraka zaidi. Bei yake halali ni ngapi?"

"Mia na thelathini kwa joho. Kuna kampuni huko mbali inayouza kwa katalogi, kitabu cha picha na bei, inatoza mia na hamsini na tano, na mikono ya majoho yao huwa mifupi."

"Basi niletee makanisa matano yaliyotia sahihi kwa mia na thelathini, nusu ikilipwa mbele. Nikiyapata kabla ya mwisho wa Aprili, napeleka ombi kwenye kamati. Na wewe, Lavada, kanisani kwenu usimpigie debe. Huwezi kuwa mkopeshaji Jumatatu na mnadi Jumapili. Nikisikia neno moja, faili nalifunga."

"Hata moja?"

"Hata nusu."

Mimi kuambiwa nisiseme! Nilitoka pale nimevimba, ila alikuwa na haki.

Tulianza na kanisa dogo West Memphis, ng'ambo ya mto. Mimi niliendesha, nikabaki garini na dirisha wazi. Dakika kumi hazikwisha, Charnetta huyo, kichwa chini.

"Nilisema mia na thelathini," akaniambia.

"Halafu?"

"Mchungaji akanyamaza."

"Halafu?"

"Nikasema sabini."

"Ngoja. Kati ya mia na thelathini na sabini, mchungaji alisema nini?"

"Hakusema kitu, Bi Lavada. Alikuwa anatafuna."

Nilicheka mpaka nikalia, halafu hasira zikanipanda, kwa sababu halikuwa jambo la kuchekesha. Mtu anameza kipande cha keki, yeye anampa dola sitini bure! Hakuna aliyemwomba apunguze. Aliogopa ule ukimya tu. Nikamwambia Jumamosi mchana aje jikoni kwangu, asile kwanza.

Sasa, mtu ambaye hajakaa kwenye makanisa yetu anaweza kudhani bawabu ni mtu wa kugawa bahasha. Wee! Bawabu anasimama mlangoni saa mbili nzima, mkono wa kushoto umekunjwa nyuma kiunoni, macho juu ya vichwa vya watu. Mtoto analia, mzee anasinzia, mama fulani anashukiwa na Roho na kofia inaruka viti vitatu, bawabu hasogezi kope. Tunaongea kwa ishara za mikono, na mimi nikiinua mkono wa kulia, mabawabu wote wanasimama. Ukimya ndio kazi yetu. Watu wanaingia pale wamejaa fujo, wanamkuta mtu ametulia, na wao wanatulia.

"Simama pale karibu na friji," nilimwambia Charnetta. "Mkono wa kushoto nyuma. Kidevu juu. Taja bei, kisha funga mdomo. Atakayefuata kusema si wewe."

Mimi nikajifanya mchungaji. Nilikuwa nimekaanga kambare na kupika tambi, nikakaa mezani nikala mbele yake. Nilimbembeleza. Nilimwambia kanisa letu dogo, paa linavuja. Nilimwita mchoyo. Nilimwambia mama yake, Earlene, angekuwa hai angetushonea bure.

"Basi themanini," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Ala! Rudi mwanzo!"

Mara ya pili alifika dakika moja. Mara ya tatu akaanza kucheka. Mara ya sita nilimtaja tena mama yake, nikasema na maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi kwayo, naye akatazama juu ya kichwa changu kwenye saa ya ukutani, mkono nyuma, uso mkavu. Nilimaliza kambare wawili. Tambi zikapoa. Hatimaye ni mimi niliyesema, "Haya, mia na thelathini, mtoto gani huyu!" Akakaa akala sahani mbili.

Jumanne alirudi West Memphis, maana ile sabini ilikuwa haijatiwa sahihi. Safari hii alikawia, na mimi garini nimekwisha kula kucha zote. Akatoka na karatasi yenye sahihi mkononi.

"Alitafuna?" nikamuuliza.

"Alitafuna keki nzima," akasema.

Wiki iliyofuata akapata kanisa la pili. Lakini mawili mengine yakasema jambo moja, kama waliokaa kikao: Bonde la Beraka watalipa ngapi? Beraka wakilipa hiyo, na sisi tunalipa. Beraka ni kanisa mama, na mwaka huu linatimiza miaka mia. Tulihitaji majoho mia na kumi na magauni arobaini ya mabawabu. Kwa hiyo yote yakarudi nyumbani kwetu, kwenye kikao cha waumini cha Jumamosi asubuhi, tarehe ishirini na tatu Aprili, siku saba kabla ya jengo la Lamar kwenda kwa mtu mwingine. Na mimi mdomo umefungwa.

Mweka hazina wa kanisa letu ni Shemasi Cleotha Purvis. Miaka themanini kasoro mbili, suti ya vipande vitatu hata Julai. Shemasi Purvis hawezi kuruhusu balbu ibadilishwe mpaka aitikise sikioni mwake kwanza. Si mtu mbaya, ni kwa sababu yake kanisa letu halina deni. Alikaa mbele, mapajani ameweka katalogi ile ya kampuni ya mbali.

Ukumbi wa chini ulijaa. Mabawabu wangu thelathini na sita walikaa mistari ya nyuma, maana baada ya kikao tulikuwa na mazoezi, tumevaa meupe. Mchungaji Hollowell akamwita Charnetta. Akapita mbele na mifano mitatu ya majoho, akaionyesha, na watu wakaguna kwa kupendezwa. Joho la zambarau lenye tawi la mzeituni lililodariziwa kifuani, jamani! Hata Shemasi aliligusa pindo.

"Mia moja na thelathini kwa joho," Charnetta akasema. "Mia moja na tisini kwa gauni la bawabu. Nusu mbele." Kisha mkono wa kushoto ukaenda nyuma kiunoni, na kidevu kikapanda.

Mimi huko nyuma nikaanza kuomba ndani kwa ndani.

"Binti," Shemasi Purvis akasema, "hapa unaongea na nyumbani. Mimi nilikununulia viatu vya Pasaka mwaka baba yako alipoachishwa kazi. Unakumbuka?"

Charnetta aliitikia kwa kichwa.

"Sasa leo unatutoza kama wageni? Tuseme sitini na tano, kama siku zote."

Kimya.

"Sabini."

Kimya. Mtu mmoja akakohoa.

"Themanini, basi! Themanini na tano!"

Watu wakaanza kucheka, maana Shemasi alikuwa anashindana na nani? Jasho likamtoka. Akafika mia, akaongeza na chakula cha mchana siku ya kukabidhi. Charnetta ametulia tu, anatazama saa. Hapo mzee akapandwa na hasira za kweli. Akasimama, akageuka nyuma, na kidole chake kikaja moja kwa moja kwangu.

"Muulizeni Dada Lavada! Yeye ndiye anayemfundisha jeuri hii. Dada Lavada, hilo gauni ulilovaa ulilipa ngapi? Waambie!"

Nyuso zote zikageuka. Joto likanipanda kutoka shingoni. Neno la Rosalind lilikuwa masikioni mwangu, lakini sikuulizwa kuhusu mkopo wala bei ya majoho. Niliulizwa kuhusu gauni langu. Nikasimama.

"Arobaini na tano," nikasema.

"Mnaona!" Shemasi akapiga katalogi kwenye paja.

"Sijamaliza. Umeniuliza, ngoja nikujibu. Kitambaa peke yake kilikuwa dola arobaini na moja. Maana yake mtoto wa Earlene Boyland aliketi siku mbili akinishonea, nikampa dola nne. Nikalivaa, nikaja kusimama mlangoni mwa Bwana, na mlipolisifu nikawaambia nimelipata kwa bei ya kutupa. Nilijisifu! Naona haya mbele yenu na mbele yake. Kuhusu bei ya leo sina neno, amueni wenyewe."

Nilijua nikikaa nitalia. Sikukaa. Nikakunja mkono wa kushoto nyuma, nikatazama juu ya vichwa vyao. Mkono wa kulia sikuuinua. Mungu ni shahidi yangu, ishara sikutoa.

Nikasikia kiti kinaburuzwa nyuma yangu. Alikuwa Dada Ozella, mwenye miaka themanini na moja na fimbo yake, bawabu mkongwe kuliko wote. Alisimama taratibu, akaiegemeza fimbo kwenye kiti, akaweka mkono nyuma. Kisha kiti cha pili. Kisha watatu kwa pamoja. Sikugeuka, bawabu hageuki, lakini niliwasikia wote mpaka kile cha mwisho. Kila mmoja wao alikuwa amevaa gauni la dola nne.

Mchungaji Hollowell sasa akainama mbele. "Shemasi, mwaka ule tulipoagiza majoho ya vijana kwenye hiyo katalogi, tulilipa ngapi?"

"Mia na hamsini na tano," Shemasi akasema, sauti ya chini.

"Uliwaomba wapunguze?"

Mzee akaitazama katalogi. "Simu ilipokelewa na mashine, Mchungaji."

Kicheko kilichotoka pale kilitikisa vikombe vya kahawa. Shemasi Purvis hakucheka. Alimgeukia Charnetta, ambaye bado alikuwa ametulia vile vile, ila sasa machozi yalikuwa yanamshuka bila kujifuta. Mzee akaichukua katalogi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti.

"Vile viatu vya Pasaka," akamwambia, "sikumwomba yule muuzaji apunguze hata senti. Nilitaka uvae vizuri." Akageukia ukumbi. "Natoa hoja. Mia na thelathini, mia na tisini, nusu mbele. Anayeniunga mkono aseme, mgongo unaniuma."

Ukumbi mzima uliunga mkono.

Kufikia Jumatano yale makanisa mawili yalikuwa yamefuata, na karatasi tano zilikuwa mezani kwa Rosalind. Kamati ilipokaa, mimi nilitolewa nje, nikakaa kwenye benchi la korido kama mtoto wa shule. Rosalind akatoka, miwani kichwani, saa tano na nusu asubuhi.

"Wamekubali zote elfu themanini na tano," akasema. Kisha, haki ya Mungu, akatabasamu. "Nimesikia kuhusu kikao chenu. Nimesikia hukusema neno."

"Hata nusu," nikamjibu.

Charnetta alichukua ufunguo wa Lamar tarehe ishirini na tisa. Fomu ya ghala aliichana mbele yangu, nami nikamwambia asiache taka kwenye ofisi ya watu.

Mwezi wa sita nilienda kupimwa gauni langu jipya. Ndani mlikuwa na joto la watu na mvuke wa pasi, mashine ile kubwa inadarizi matawi sita kwa mpigo, na wanawake watatu wameinamia cherehani zao. Wa nne alikuwa aanze Jumatatu. Charnetta alinizungushia utepe kiunoni, pini kadhaa mdomoni.

"Umeongezeka, Bi Lavada."

"Pima, usihubiri."

Akaandika vipimo, akatoa pini mdomoni. "Mia moja na tisini."

Nami mdomo huu, mdomo huu wa ukaidi, ukafunguka wenyewe. "Hata mimi, mwanangu? Mimi niliyekubeba ukiwa kwenye—"

Cherehani zikanyamaza zote. Charnetta akarudi hatua moja, akakunja mkono wa kushoto nyuma kiunoni, akainua kidevu, akatazama juu ya kichwa changu kuelekea mlangoni. Nilisubiri atabasamu, lakini hakutabasamu.

Nikafungua mkoba. Nikaweka mezani mia moja na tisini. Nikazitazama, zikaniuma, nikafungua mkoba tena, nikaweka mia moja na arobaini na tano juu yake, zilizobaki za lile gauni la zamani. Charnetta hakuniambia zimezidi, wala hakunirudishia hata senti. Alizihesabu zote taratibu, akaniandikia risiti mbili.